Akaunti Ikizuiwa Ghafla: Acha "Kwa Nini", Uliza "Mpaka Lini"

Mtu anayekuta akaunti yake imezuiwa kwa shaka ya ulaghai huuliza kwanza "kwa nini?", na hilo ndilo swali ambalo karibu hakuna mfanyakazi wa taasisi ya fedha atakayemjibu. Atalirudia kwa simu, kwa barua pepe na dirishani, pengine kwa sauti iliyopanda, na kila mara ataambiwa sentensi ileile ya kwamba akaunti "inafanyiwa mapitio ya usalama". Hoja yangu ni kwamba ukimya huo, pamoja na kuudhi kwake, kwa sehemu kubwa umewekwa na sheria na mteja mmoja hawezi kuuvunja. Hata hivyo, chini ya kivuli cha ukimya halali, taasisi nyingi zimejizoesha kuficha mambo ambayo kwa kawaida sheria haizilazimishi kuyaficha: aina ya kizuizi, kiasi cha fedha kinachohusika, nyaraka zinazotakiwa na tarehe ambayo uamuzi utatolewa. Mteja anayeujua mpaka kati ya mafungu hayo mawili hupigania kile kinachoweza kupatikana.

Tuanze na ghafla yenyewe, maana wengi huichukulia kuwa dharau. Kizuizi cha ulaghai hakiwezi kutanguliwa na notisi. Fedha iliyoibwa huhama kutoka akaunti moja hadi nyingine kwa dakika chache, na ikishagawanywa katika akaunti kadhaa au kutolewa taslimu, uwezekano wa kuirudisha hupungua sana. Kwa hiyo mfumo umejengwa ili uzuie kwanza na kuuliza baadaye. Unachotazama ni mwenendo: simu mpya iliyoingia kwenye akaunti usiku, nenosiri lililobadilishwa na saa moja baadaye kufuatiwa na malipo makubwa kwa mpokeaji ambaye hajawahi kulipwa, laini ya simu iliyosajiliwa upya, kuingia kutoka nchi ambayo mteja hajawahi kuonekana akiwa, au fedha nyingi zinazoingia na kutoka zote kwa siku hiyohiyo. Hiyo ya mwisho ndiyo sura ya akaunti ya kupitishia fedha za wizi. Kwa bahati mbaya ndiyo pia sura ya mtu aliyeuza gari na kulipa deni mchana huohuo, au aliyepokea michango ya ndugu na kuipeleka hospitalini.

Hesabu rahisi inaonyesha kwa nini watu wasio na hatia hunaswa kwa wingi. Tuchukue, kwa mfano wa kukadiria tu, taasisi inayopitisha miamala milioni moja kwa siku, na kati ya kila miamala 10,000 mmoja ni wa ulaghai. Maana yake ipo miamala 100 ya ulaghai. Tuseme mfumo ni hodari kiasi cha kukamata 95 kati ya hiyo, na hukosea kwa miamala mitano tu katika kila 1,000 iliyo halali. Kosa hilo dogo, likizidishwa kwa karibu miamala milioni moja halali, huzaa takriban kengele 5,000 za uongo. Afisa anayekagua orodha ya siku hiyo atakuta kwamba chini ya watu wawili katika kila mia waliozuiwa ndio waliohusika na ulaghai. Wavu wa matundu madogo haubagui samaki. Hili halimaanishi kwamba mfumo ni mbovu, kwani bila huo wale 95 wangepita wote. Linamaanisha kwamba kuzuiwa peke yake ni ushahidi hafifu sana dhidi ya mtu, na taasisi inayojua hesabu hii haina udhuru wa kumhudumia kila aliyezuiwa kana kwamba ameshahukumiwa.

Kuna wakati ambapo mfumo wenyewe huwa mbovu kweli. Mwaka 2022 wakala wa Marekani wa kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ulichapisha amri mbili zinazostahili kusomwa pamoja. Mwezi Julai Bank of America ilitozwa dola milioni 100 na wakala huo, na dola milioni 125 nyingine na msimamizi wa benki za kitaifa, kwa sababu wakati wa janga la UVIKO-19 iliacha uchunguzi wa kawaida na kutegemea kichujio cha kompyuta chenye vigezo vichache, ambacho kilifungia kadi za watu waliokuwa wakipokea mafao ya kukosa ajira. Mwezi Desemba ikafuata Wells Fargo, katika shauri la dola bilioni 3.7 lililokusanya makosa mengi. Moja kati ya hayo lilikuwa kufungia akaunti zaidi ya milioni moja kwa kutegemea kichujio chenye kasoro kilichodhani kuwa fedha zilizowekwa ni za ulaghai, na walioguswa walikaa bila kufikia fedha zao kwa wastani wa wiki mbili au zaidi. Wakala ulisema jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko faini: benki ingeweza kuchukua hatua nyingine ambazo zisingewaumiza wateja.

Kwa nini basi hatua hizo nyingine hazichukuliwi? Jibu liko kwenye mizani ya gharama. Taasisi ikiacha ulaghai upite, hasara huonekana siku hiyohiyo na mara nyingine huilipa yenyewe. Uingereza, kwa mfano, tangu tarehe 7 Oktoba 2024 imeweka kanuni kwamba mteja aliyedanganywa akatuma fedha kwa mlaghai arudishiwe hadi pauni 85,000, nusu ikilipwa na taasisi iliyotuma na nusu na iliyopokea. Ni kanuni njema, na sitaki ifutwe. Ila kuanzia hapo taasisi inayopokea fedha ina sababu mpya ya kuishuku kila shilingi inayoingia, wakati mteja asiye na hatia aliyezuiwa kimakosa huigharimu simu kadhaa na, pengine, malalamiko. Kodi ya nyumba iliyochelewa, dawa iliyokosekana na mshahara wa mfanyakazi uliokwama hubaki kwa mteja peke yake. Palipo na mizani kama hiyo, kuzuia kupita kiasi huwa uamuzi wa busara kwa anayezuia.

Sasa tuje kwenye ukimya. Kikosi Kazi cha Kimataifa cha hatua za fedha, kinachojulikana kwa kifupi FATF na kilichoundwa mwaka 1989 ili kupambana na utakatishaji fedha, kina mapendekezo 40 ambayo nchi nyingi zimeyageuza kuwa sheria. Mojawapo linapiga marufuku kumdokezea mteja kwamba taarifa ya muamala wa mashaka kumhusu imepelekwa kwenye mamlaka. Nchini Marekani usiri wa taarifa hizo umo katika sheria za shirikisho, na Uingereza kumdokezea mtu ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2002 kuhusu mapato ya uhalifu. Sheria hiyohiyo ya Uingereza inaeleza kwa nini baadhi ya vizuizi hudumu bila maelezo: benki ikiomba ruhusa ya kuendelea na muamala, mamlaka zina siku saba za kazi za kujibu, zikikataa, huanza siku 31 za kusubiri, na tangu marekebisho ya mwaka 2017 mahakama inaweza kuongeza hadi siku 186 zaidi.

Mahakama nazo zimesimama upande wa benki. Mteja mmoja aliyeishtaki HSBC Private Bank mjini London alidai kwamba kuchelewesha miamala yake kwa shaka ya utakatishaji fedha kulimtia hasara ya zaidi ya dola milioni 300. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilimnyima madai yake, ikikubali kwamba ndani ya mkataba wa benki na mteja kuna sharti lisiloandikwa linaloiruhusu benki kuzuia malipo inayoyashuku na kutotoa maelezo pale ambapo kuyatoa kungekuwa kumdokezea mteja. Mtu mwenye madai ya dola milioni 300 na mawakili wa kutosha alishindwa kuufungua mlango huo. Sisi wengine tusijichoshe kuugonga kwa simu za hasira. Tena anayepokea simu, mara nyingi, haoni chochote kwenye kompyuta yake zaidi ya alama ya kizuizi, kwa kuwa kitengo cha ulaghai kimetenganishwa naye kwa makusudi. Kumtukana ni kumtukana mtu asiyejua.

Lakini si kila kizuizi kimefunikwa na usiri huo, na hapa ndipo mteja anapopoteza haki yake bila kujua. Vipo vizuizi vya namna tofauti, na kila kimoja kina mlango wake. Kadi inaweza kufungwa huku akaunti ikiendelea kufanya kazi. Malipo moja yanaweza kushikiliwa hadi mwenyewe athibitishe. Mlango wa programu ya simu unaweza kufungwa kwa sababu ya simu mpya, jambo linalomalizika kwa kitambulisho na picha ya uso. Akaunti nzima inaweza kusimamishwa na taasisi yenyewe ikisubiri maelezo ya chanzo cha fedha. Na hatimaye ipo amri ya nje, ya mahakama, polisi au mamlaka ya kodi, ambayo taasisi haina uwezo wa kuiondoa hata ikitaka. Mtu anayepeleka kitambulisho mara nne kwa ajili ya kizuizi ambacho kimewekwa na amri ya mahakama anapoteza wiki nne.

Kwa hiyo maswali yanayozaa matunda ni haya, na yaandikwe, yasibaki kwenye simu: ni kizuizi cha aina gani, kimewekwa na taasisi au na mamlaka ya nje, na kama ni ya nje, ni ipi, ikiwa kuitaja kunaruhusiwa, kinagusa salio lote au kiasi fulani, fedha zinazoingia zitapokelewa au zitarudishwa zilikotoka, nyaraka gani zinahitajika na zipelekwe wapi, na mapitio yanatarajiwa kumalizika lini. Anayejibu anaweza kugoma kwenye swali moja au mawili kwa sababu halali. Akigoma kwa yote, tayari mteja ana malalamiko yenye mwili. Nchi za Umoja wa Ulaya huyapa malalamiko ya huduma za malipo siku 15 za kazi za kujibiwa, na katika hali za pekee siku 35. Baada ya hapo mteja huweza kwenda kwa chombo huru cha usuluhishi. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2018, humpa pia haki ya kuomba nakala ya taarifa zake na kujibiwa ndani ya mwezi mmoja, hata kama sehemu fulani zitafichwa, pamoja na haki ya kutaka binadamu aupitie uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Nchi nyingine zina majina na siku tofauti kwa vyombo hivi, ila mpangilio ni uleule: malalamiko rasmi ndani ya taasisi, namba ya kumbukumbu, muda wa kujibu, kisha mdhibiti au msuluhishi. Saa ya mpangilio huo huanza kuhesabu siku malalamiko yalipoandikwa. Simu kumi zilizotangulia hazihesabiwi.

Kuhusu nyaraka, kosa la kawaida ni kutuma rundo. Mkaguzi ana faili nyingi na dakika chache. Anachotafuta ni mnyororo usiokatika kutoka chanzo hadi salio. Kama fedha ni za mauzo ya kiwanja, mkataba wa mauziano, jina la mnunuzi linalolingana na jina lililo kwenye muamala, na barua ya nusu ukurasa inayosema tarehe na kiasi, zina nguvu kuliko kurasa 80 za taarifa ya akaunti. Kama majina hayalingani kwa sababu mnunuzi alilipa kupitia kampuni yake, jambo hilo lisemwe mapema, kabla ya mkaguzi kuligundua. Na pasiwepo hata karatasi moja iliyorekebishwa "ili isomeke vizuri". Hati iliyoguswa huligeuza shauri la shaka kuwa shauri la kughushi.

Hapa kuna mtego wa ajabu kidogo: mtu anapofungiwa programu ya simu, hufungiwa pia ushahidi wake mwenyewe. Taarifa za akaunti, risiti za malipo na mazungumzo na huduma kwa wateja vyote vimo ndani ya mlango uliofungwa. Anayepakua taarifa yake ya kila mwezi na kuihifadhi nje ya programu atakuwa na cha kuonyesha. Asiyefanya hivyo ataomba nakala kutoka kwa taasisi ileile inayomshuku.

Wakati wa kusubiri ndio wakati wa makosa makubwa. Wengi huhamishia mshahara na malipo yao kwenye akaunti ya rafiki, na hapo huzaa mwenendo uleule ambao mfumo unautafuta, tena kwa mtu wa pili asiye na habari. Wengine huanza kugawa fedha katika mafungu madogo wakidhani watapita chini ya macho. Nchini Marekani, kuvunja kiasi makusudi ili kukwepa taarifa inayotakiwa kwa miamala ya taslimu inayozidi dola 10,000 ni kosa la jinai hata kama fedha yenyewe ni safi kabisa. Njia iliyo salama ni kumwomba mwajiri aelekeze mshahara ujao kwenye akaunti nyingine ya jina la mteja mwenyewe, katika taasisi isiyo ya kundi moja na ile iliyozuia, na kuiandikia taasisi iliyozuia kuomba kiasi cha kujikimu kitolewe kwa ajili ya kodi, matibabu na chakula, kila dai likiambatana na ankara yake. Ombi hilo linaweza kukataliwa, lakini mara nyingi kiasi hicho hakitolewi kwa sababu tu hakikuwahi kuombwa. Wenye nyumba na wadai nao wapewe taarifa kabla ya tarehe ya kulipa kupita.

Walaghai, kwa upande wao, wanaijua hofu hii kuliko mtu yeyote. Ujumbe unaosema "akaunti yako imezuiwa, bonyeza hapa" ni miongoni mwa mbinu zao kongwe, na mtu ambaye akaunti yake imezuiwa kweli ndiye aliye tayari zaidi kuuamini. Baadaye huja wa pili, wanaojiita wataalamu wa kufungua akaunti au kurudisha fedha kwa ada ya kutangulizwa. Mawasiliano yote yaanzishwe na mteja, kwa namba iliyo nyuma ya kadi au kwenye tovuti rasmi, na asimkubalie yeyote anayemwomba namba ya siri au kumwambia ahamishe salio kwenye "akaunti salama". Hakuna taasisi halali inayofanya hivyo.

Haki inataka niseme pia kwamba kizuizi kinaweza kuwa sahihi huku mwenye akaunti akiwa hana nia mbaya. Kazi za mtandaoni za "kupokea malipo ya kampuni na kuyatuma mbele" ukibaki na asilimia fulani ni uajiri wa wapitishaji wa fedha za wizi, na wanaoajiriwa mara nyingi ni vijana na wanafunzi. Uingereza, anayewekewa alama ya upitishaji huo katika kanzidata ya Cifas, shirika ambalo wanachama wake hubadilishana taarifa za ulaghai, hubaki nayo hadi miaka sita, na kila taasisi mwanachama atakayoiendea inaweza kuiona. Anayetambua kwamba ametumiwa hivyo anapaswa kukoma kueleza kwa simu, kukusanya mawasiliano yote aliyofanya na "mwajiri" wake na kutafuta ushauri wa kisheria kabla ya kutoa maelezo ya maandishi, kwa kuwa maneno yake sasa yanaweza kusomwa na polisi.

Linabaki suala la kiwango. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Kerala, India, ilishughulikia malalamiko ya watu ambao akaunti zao zote zilifungwa kwa ombi la polisi kwa sababu kiasi kidogo kilichohusishwa na uhalifu wa mtandaoni kilipitia humo, na ikaelekeza benki zizuie kile tu kilichotajwa kwenye ombi. Miaka miwili baadaye, Septemba 2025, Thailand ilionja kinyume chake: msako mpana dhidi ya akaunti za kupitishia fedha uliwagusa wafanyabiashara wa kawaida, na baadhi yao wakaanza kukataa malipo ya benki na kudai taslimu. Ulaghai ulikuwa ukipigwa vita ili watu wauamini mfumo wa malipo. Msako ukawafanya waukimbie. Kuzuia kiasi kinachobishaniwa na kuliacha salio lingine litumike kunawezekana kitaalamu, na palipo na sababu ya kuzuia zaidi ya hapo, mzigo wa kuieleza kwa mdhibiti uwe juu ya anayezuia.

Muda nao unaweza kuwekewa kikomo bila kuvujisha siri yoyote. Kanuni za Uingereza zilizoanza mwishoni mwa Oktoba 2024 zinairuhusu taasisi yenye msingi wa kushuku ulaghai kuchelewesha malipo yanayotoka hadi siku nne za kazi, lakini zinaitaka imjulishe mteja kuhusu ucheleweshaji huo, sababu yake na kinachohitajika kwake, isipokuwa pale ambapo kumjulisha ni kinyume cha sheria. Kanuni hizo zinagusa malipo mamoja, si akaunti nzima, na kwa hiyo haziwafikii wanaoteseka zaidi. Hata hivyo zinathibitisha kwamba tarehe ya mwisho na orodha ya nyaraka vinaweza kuandikwa kwenye barua moja na upelelezi ukaendelea. Taasisi inayodai kwamba haiwezi kutaja tarehe yoyote kwa akaunti nzima inapaswa kuulizwa na mdhibiti wake ni siri ipi ambayo tarehe ingeifichua.

Akaunti ikifunguliwa, kazi haijaisha. Malipo ya kujirudia yaliyogonga ukuta hayajilipi yenyewe, na baadhi hufutwa kabisa baada ya kushindwa. Yapitiwe moja baada ya jingine. Taasisi iombwe barua inayothibitisha kwamba kizuizi kiliwekwa na kuondolewa tarehe fulani, ili mteja aweze kuwaonyesha wadai na ofisi ya kumbukumbu za mikopo kwamba hakuchelewa kwa hiari yake, na irudishe makato yote iliyotoza kwa malipo ambayo yenyewe ndiyo iliyoyazuia.